Kwenda Chanthaburi na mawe: maneno kwa wadogo zangu wa Bukavu

Mtu akiniambia, "Mama, naenda Thailand kuuza tomalini," ninamuuliza kwanza: unashukia wapi? Akijibu Bangkok, najua hajapata wa kumwelekeza. Bangkok ni ya nguo. Mimi mwenyewe niliijua Thailand kupitia Pratunam, kule ambako bamama wa Kinshasa, Lubumbashi na Lagos wanajaza magunia ya suruali na blauzi, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kutoka mtaa ule. Mawe ya thamani kama tomalini yana mji wake. Unaitwa Chanthaburi, uko kusini-mashariki mwa Bangkok, kama kilomita 245, na ukiendelea mbele kidogo unakutana na Kambodia.

Ninaandika kwa ajili ya wale wanaonunua mawe Numbi na kwingineko Kalehe, wanaokaa na vifurushi vyao Nyawera wakingoja Mhindi au Mchina apite. Kama wewe ni wa koltani au dhahabu, haya hayakuhusu sana. Soma tu kama una muda.

Ujue kwanza mji unakula nini

Chanthaburi si mji mkubwa. Una mto unaopita katikati, nyumba za zamani za mbao zimepangana kando ya maji, kanisa kubwa ng'ambo ya pili, na soko la mawe barabara chache kutoka hapo. Ukiuona mara ya kwanza utajiuliza kwa nini watu wa Colombo, Jaipur, Hong Kong na Conakry wote wanajua jina lake.

Walianza na mawe yao wenyewe. Safaya zilitoka Khao Ploi Waen na Bang Kacha, pale pale karibu na mji. Rubi zilitoka upande wa Trat, mahali panapoitwa Bo Rai. Mwaka 1962 jeshi lilichukua utawala Burma, na rubi za Mogok zikawa ngumu kupatikana kwa wageni. Wanunuzi wa dunia wakageukia huku. Kwa miaka kama ishirini na kitu, rubi nyingi ulizoziona kwenye pete za watu zilikuwa za Thailand. Kisha zikaja mashine za kuchimba, vilima vikaoshwa, na kufikia miaka ya 1990 sehemu kubwa ilikuwa imekwisha.

Sisi tunajua kinachofuata baada ya hapo. Tumeona makambi ya wachimbaji ambayo jiwe likiisha yanabaki mashimo, baa iliyofungwa na watoto wasio na shule. Chanthaburi haikufika huko, na hii ndiyo sababu ninawaambia muielewe kabla ya kukata tiketi. Mawe yalipoisha, mji ulikuwa tayari na watu wanaojua kukata, watu wanaojua kuchoma mawe tanurini ili rangi ibadilike, na watu wanaoweza kuangalia jiwe ghafi na kutaja bei hujamaliza kuwasalimia. Basi mawe ya wengine yakaanza kuja yenyewe. Yalitoka Pailin ng'ambo ya mpaka, Sri Lanka, Vietnam. Halafu ikawa zamu ya Afrika: Tunduru na Songea kule Tanzania katikati ya miaka ya 1990, Ilakaka ya Madagascar mwaka 1998, Montepuez ya Msumbiji mwaka 2009. Na Wathai hawakungoja kuletewa. Walipanda ndege, wakakaa kwenye meza za Tunduru na Ilakaka wakinunua kutoka mikononi mwa wachimbaji.

Kwa hiyo usidhani mzee aliyekaa mbele yako haijui Afrika. Kuna mmoja aliyechukua jiwe langu la kijani, akalimulika kwa tochi, akaligeuza, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha Kusini mwa Tanzania: "Mama, nyufa nyingi. Bei ya mwisho?" Wateja wengine wakacheka. Tangu siku ile sijaongea siri zangu mezani nikidhani Kiswahili kinanificha, na wewe usiongee.

Mji huu, basi, hauuzi mawe. Unauza jicho, mkono na moto. Ukiweka tomalini mezani, bei unayotajiwa ni ile iliyobaki baada ya mnunuzi kuhesabu kichwani gharama ya vitu hivyo vitatu na hasara ya vipande vitakavyovunjika. Ndiyo maana anayekuja na mfuko uliochanganywa, wa pinki na wa kijani na mweusi pamoja, udongo ungali umeshika, analipwa kama mtu aliyeleta kokoto. Anamlipa mwenzake kazi ambayo angeifanya mwenyewe nyumbani kwake Kadutu, jioni, kwa nyundo ndogo na beseni la maji.

Kazi ya kufanya kabla hujafunga sanduku

Tenga mawe kwa rangi, halafu kwa usafi, halafu kwa ukubwa. Usitenge kwa mapenzi. Kila mmoja ana jiwe analolipenda ambalo halina maana sokoni. Yaloweshe majini, mulika kwa tochi kutoka nyuma, na pale ufa unapokata jiwe kabisa, livunje wewe. Inauma, lakini kipande kidogo kilicho safi kinauzwa, na kipande kikubwa chenye ufa kinazungushwa meza hadi meza mpaka kila mtu amekijua. Jiwe lililojulikana sokoni bei yake hushuka kila linapoonekana tena.

Yale yenye rangi mbili, pinki ndani na kijani nje, yaweke peke yake. Yale meusi kabisa yaache Bukavu.

Pima kila fungu kwa gramu, andika uzito juu ya karatasi yake, na ubaki na nakala yako. Mawe ghafi wanayahesabu kwa gramu, yaliyokatwa kwa karati, na karati 5 ni gramu 1. Najua unajua. Lakini kwenye kelele, na kikokotoo kinapita mkono hadi mkono, watu wanaojua huchanganya.

Karatasi

Kwa sheria yetu ya madini, negosia, yaani mfanyabiashara wa kati, ananunua na kuuza ndani ya nchi tu. Anayesafirisha nje ni kontuari, yaani nyumba ya kununua madini, iliyosajiliwa. Kwa hiyo safari yako ya kwanza ni ya kuongea na kontuari, mkubaliane mawe yatoke kwa jina la nani, na yapitie CEEC, ofisi ya taifa inayopima na kuthibitisha mawe ya thamani. Watakuwepo watakaokuambia tomalini ni nyepesi, itie soksini. Ni nyepesi kweli. Lakini jiwe lisilo na karatasi linauzwa na mtu mwenye hofu, na wanunuzi wa kule wananusa hofu haraka kuliko wanavyoona ufa.

Viza ya Thailand siku hizi huombwa kwa mtandao. Ya utalii si kibali cha kufanya kazi. Kama unakwenda kwa biashara, ulizia viza ya biashara na ueleze biashara yenyewe. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingia nchini inayojazwa kwenye simu kabla ya kufika. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo, chanjo iwe imetimiza siku 10. Uwanjani Suvarnabhumi unapita kwanza kwenye meza ya afya, wanakagua kadi, ndipo unakwenda kwa uhamiaji. Wengi wetu tunapanga foleni ndefu ya uhamiaji kwanza, kisha tunarudishwa nyuma.

Mawe yatangaze forodhani ukiingia, na uhifadhi kila karatasi, maana yale utakayoshindwa kuuza utatoka nayo tena.

Njia, na siku ya kufika

Kutoka Bukavu wengi wetu tunavuka Ruzizi, tunashika Kamembe, tunakwenda kupanda ndege Kigali. Ukifika Bangkok, usikubali kulala wiki nzima mjini "kupumzika". Makuta, yaani pesa, huishia huko. Nenda kituo cha basi cha Ekkamai, panda basi la Chanthaburi. Ni saa nne hivi, barabara ya Sukhumvit inayofuata pwani mpaka Trat.

Tena Bangkok kuna ule mchezo wa dereva wa tuk-tuk anayekuambia leo ni siku pekee ya mnada wa serikali, kuna duka la mawe, twende. Ni mchezo wa zamani na bado unakamata watu. Mtu wa mawe akikamatwa na dereva wa tuk-tuk, asirudi kutusimulia.

Ufike Alhamisi. Soko linachemka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, maana wanunuzi wa Bangkok huja mwisho wa wiki. Ukifika Jumatatu utakuta barabara ya Si Chan imetulia kabisa, meza tupu, na utadhani umedanganywa.

Angalia pia msimu. Kuanzia Aprili mpaka Juni ni duriani. Chanthaburi inaongoza mikoa yote ya Thailand kwa tunda hilo, na mengi yanakwenda China. Wakati huo malori hujaza barabara, vyumba vinapanda bei, na wafanyabiashara wa matunda wamejaa hotelini. Hoteli nyingi zina picha ya duriani iliyopigwa mstari mwekundu mlangoni. Ukiingia nalo chumbani utalipa faini. Harufu yake siwezi kuieleza. Ladha yake nimeizoea, na sasa nalitafuta.

Mezani

Soko liko kwenye barabara ya Si Chan na kichochoro cha Trok Kachang, pamoja na majengo ya karibu. Mpangilio wake unashangaza mtu wa Kadutu, maana umepinduliwa: mnunuzi ndiye anayekaa, muuzaji ndiye anayezunguka. Mnunuzi anakodi meza kwa siku. Anaweka taa, mizani, kibano, lupu (kioo cha kukuzia), kikokotoo, na mara nyingi kikaratasi kinachosema anachotafuta leo: safaya ya bluu ya ukubwa huu, rubi isiyochomwa, spineli. Wauzaji na madalali wanapita wakiwa na karatasi zilizokunjwa na visanduku vidogo vya plastiki. Wanaweka mbele yake, anaangalia, anasukuma pembeni, anaangalia kingine. Hapati muda wa kukusikiliza habari za mgodi.

Ijumaa ya kwanza acha mawe yako hotelini kwenye sanduku la chuma. Zunguka. Angalia ni meza zipi zinapokea rangi kama zako; soko lile ni la rubi na safaya kwanza, tomalini ni mgeni mwenye heshima ya wastani. Utaona pia ndugu zetu wa Afrika Magharibi, Waguinea na Wamali hasa, waliokaa pale miaka na wanaongea Kithai kama wazaliwa. Wasalimie. Kifaransa kinafaa hapo kuliko mahali pengine popote Asia nilikopita. Kijana mmoja wa Guinea alinionyesha meza za kukwepa kabla sijamnunulia hata kahawa. Wengine watakuonyesha meza ya kaka yao. Tofauti utaijua mwenyewe.

Ukianza kuonyesha, onyesha fungu moja. Usifungue mfuko wote. Taja bei ya juu lakini iwe ya mtu mwenye akili, kwa sababu bei ya kichaa inakuondolea mnunuzi, hatajibu, atakurudishia tu kifurushi chako kwa mikono miwili na tabasamu. Atakapotaka, ataandika namba kwenye kikokotoo na kukusogezea. Utaandika yako. Maneno hayahitajiki. Usitoe kauli ya "sawa" kama hujaamua: ukikubali namba yake, umeuza. Hakuna kurudi nyuma kwa sababu meza ya tatu mbele imetaja zaidi. Ukifanya hivyo mara moja, mpaka mchana barabara nzima imejua, na utatafuta mji mwingine.

Kuna desturi moja inayowachanganya wageni. Mnunuzi akitaja bei na wewe unataka kwanza kumuuliza mwenye mali, yeye hufunga kifurushi kwa utepe, anaandika juu yake bei aliyotoa na kutia sahihi. Kikishafungwa hivyo, hukionyeshi kwa mtu mwingine mpaka umemjibu. Ukikubali, unamrudishia utepe ukiwa mzima, analipa. Ukikataa, unarudi kumwambia, utepe unakatwa. Nimeona mwenzetu mmoja akikata utepe mbele ya watu, kwa haraka zake, apeleke meza nyingine. Hakupigiwa kelele. Hakuna aliyemtazama tena wiki ile.

Na huko kutopigiwa kelele ujizoeze nako. Bei zetu tunazipigania kwa sauti, tunaapa, tunaita mashahidi. Pale anayepandisha sauti amejishusha. Hata mkivutana dola tano, vutaneni mkitabasamu.

Ukimtumia dalali, kubaliana asilimia yake kabla hajagusa jiwe, andika gramu mbele yake, na mawe yaliyobaki yapimwe tena yakirudi. Mtu mwema hatakasirika kupimwa.

Pesa pokea mahali penye ukuta, si barabarani. Kwa fungu kubwa nenda benki pamoja na mnunuzi.

Moto

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, maana mji huu umetajirika kwa tanuri zaidi ya sepetu.

Miaka ya 1970 wachomaji wa Thailand waligundua kwamba safaya za Sri Lanka zilizoitwa geuda, zenye rangi ya maziwa, ambazo wenyewe waliziona hazina thamani, zikichomwa kwa joto kali sana zinatoka bluu safi. Joto lenyewe linapita nyuzi 1,500. Walinunua geuda kwa bei ya changarawe, wakauza bluu. Tangu hapo kila mchomaji ana mapishi yake, na hayatoi. Wengine wanachoma usiku na hawataki hata binamu zao waone saa waliyowasha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilijaa sokoni safaya za rangi ya machungwa na pinki, nzuri mno, nyingi zikitokana na mawe ya Madagascar na Tanzania. Wapimaji wa maabara wakaja kugundua kwamba zilichomwa pamoja na jiwe jingine, kristoberili, na elementi ya beriliamu ilitoka humo ikaingia ndani ya safaya na kubadili rangi. Bei zikaanguka, Wajapani waliokuwa wamenunua wakakasirika. Miaka michache baadaye zikaja rubi za nyufa zilizojazwa kioo cha madini ya risasi. Ukizitazama kwa jicho ni rubi ya mfalme. Ukizidondoshea maji ya limau, kioo kinaharibika na nyufa zinarudi.

Funzo kwa mwenye tomalini ni la namna mbili. Usinunue pale rubi wala safaya "ya bei nzuri" ukauze Dubai, hata kama anayekuuzia ni rafiki, mpaka imepita maabara. GIT, taasisi ya mawe na vito ya Thailand, inapima na kutoa cheti. GIA nayo ina maabara Bangkok. Ada ya cheti ni ndogo kuliko majuto.

Na la pili: tomalini pia huchomwa, kwa joto dogo zaidi, mamia ya nyuzi tu, kupunguza weusi. Mtu atakuambia, "Mama, niachie fungu hili, nalichoma, tunagawana faida." Muulize kitu kimoja: likipasuka, ni la nani? Jiwe lenye ufa au lenye maji ndani linaweza kulipuka tanurini likawa vumbi. Kama jibu lake ni refu, jiwe lako lirudi mfukoni.

Kuhusu mpaka

Njia za kuvuka kwenda Kambodia ni Ban Laem na Ban Pakkad, zote wilaya ya Pong Nam Ron, na ng'ambo ya Ban Pakkad ndiko Pailin. Mtu wa Kivu akisoma historia ya Pailin hahitaji mkalimani. Khmer Rouge, wapiganaji wa Kambodia waliofukuzwa Phnom Penh mwaka 1979, waliishi kwa kubana mipakani. Kutoka mwaka 1989 waliishika Pailin, na rubi na safaya za pale zikawa makuta yao ya vita, pamoja na magogo. Kampuni za Thailand zilivuka na mashine zao, zikalipa, zikachimba. Mawe yalishuka Chanthaburi yakakatwa, yakachomwa, yakauzwa kwa watu wenye tabasamu safi. Mwaka 1996 Ieng Sary, mkubwa wa upande ule, aliachana na wenzake na kujisalimisha kwa serikali pamoja na Pailin yake. Wakati huo mashine zilikuwa zimekwisha kula sehemu kubwa ya mawe.

Kwa koltani yetu kuna mifuko yenye lebo ya kuonyesha ilikotoka, na kuna ile sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayotaja bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu. Tomalini haimo. Hakuna mtu wa Si Chan atakayekuuliza nani alisimama mlangoni mwa shimo na bunduki. Mimi huuliza kabla ya kununua, na naandika jibu. Anayetaka kunicheka acheke.

Sasa la kawaida: mwaka 2025 Thailand na Kambodia walipigana, siku tano za Julai, kisha tena Desemba. Njia za kuvuka zilifungwa, na baadhi ya wilaya za Chanthaburi ziliwekwa chini ya sheria za kijeshi. Kwa hiyo usiende Pong Nam Ron kutembea, na usipange ile hila ya kutoka na kuingia tena kupitia mpakani ili upate muhuri mpya. Sokoni hautasikia mshtuko mkubwa, kwa sababu siku hizi mawe yanakuja kwa ndege kutoka kwetu, hayatoki Pailin. Walioumia ni wenye mashamba ya matunda ya longan kule karibu na mpaka, ambao vibarua wao wa Kambodia walifunga virago wakarudi kwao. Hapo ndipo nilipoona mji huu unavyotofautiana na wetu. Ruzizi ikifungwa, Kadutu inajua siku ile ile kwa bei ya nyanya. Chanthaburi mpaka wake ukifungwa, dalali wa mawe anaweza kumaliza wiki akiuliza tu kama ndege ya Antananarivo imefika.

Jumapili na adabu

Misa ipo. Kanisa kuu la Bikira Maria ni kubwa kuliko yote Thailand, jengo la sasa lilimalizika mwaka 1909, na waumini wake wa kwanza walikuwa Wakatoliki wa Vietnam waliokimbia mateso kwao tangu miaka ya 1700. Vita vilipokuja, ncha za minara ziliondolewa ndege zisizifanye shabaha; baadaye zikarudishwa. Ndani kuna sanamu ya Mama Maria iliyovalishwa safaya zaidi ya 200,000. Utaona wenzako wa mezani wamepiga magoti mbele yake, na hapo usizungumze bei.

Wafaransa nao walikuja: tangu mwaka 1893 waliukalia mji huu kwa takriban miaka 11, kama dhamana katika ugomvi wao na mfalme wa Siam, jina la zamani la Thailand. Watu wa pale wanawakumbusha wageni kwa gereza dogo la Laem Sing, ambalo wanasimulia kwamba kuku walifugwa juu yake ili kinyesi kiwaangukie wafungwa. Shujaa wao ni Taksin, aliyeuteka mji mwaka 1767 kabla ya kwenda kuwafukuza Waburma. Inasimuliwa aliwaamuru askari wavunje vyungu vyote baada ya chakula cha jioni: kesho mtakula ndani ya mji au hamtakula. Wauzaji wanapenda kisa hicho, na ukionyesha unakijua unapata angalau kikombe cha chai.

Salimu kwa kuunganisha viganja. Usimguse mtu kichwani, hata mtoto. Usielekeze nyayo kwa mtu wala kwa sanamu. Wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, simama. Habari za mfalme usizizungumze kabisa, si kwa wema wala kwa utani, na noti ikianguka usiizuie kwa mguu, ina picha yake. Sheria yao ya jambo hilo ni kali na inafunga watu miaka.

Chakula kitakupendeza. Agiza tambi za mchele za pale pale, sen chan, zinazojulikana nchi nzima, au nguruwe aliyepikwa na majani machachu ya chamuang, ambayo yananikumbusha mboga yetu chachu ya ngai-ngai.

Yaliyobaki

Hakuna atakayeuza vyote. Jumapili jioni pima upya mafungu yote, linganisha na nakala yako, na amua. Fungu lililotajiwa bei inayokaribiana na meza tatu tofauti, hiyo ndiyo bei yake, hata kama ulitarajia mara mbili, liuze. Fungu lililokataliwa bila kutajiwa bei lipeleke Bangkok, barabara ya Silom na Mahesak, ambako maofisi ya mawe yanafunguliwa siku za kazi na wapo wanaotafuta rangi ambazo Chanthaburi haizijali. Silom utahitaji miadi na karatasi zako zote, wanakaa nyuma ya milango ya chuma na kamera. Mabasi ya Jumatatu asubuhi hujaa wanunuzi wanaorudi, kwa hiyo kata tiketi Jumapili, na mfuko wa mawe usiuweke chini ya basi pamoja na masanduku.